Je, tuhalalishe bangi? Jibu kwa mwalimu wa Urambo

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Urambo. Mdogo wangu wa miaka 19 alikamatwa mwezi uliopita akiwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni, na mpaka leo yuko mahabusu akisubiri kesi itajwe tena. Baba yetu, ambaye amelima tumbaku maisha yake yote, anasema kwamba huko Marekani na Kanada bangi inauzwa dukani na serikali inakusanya kodi, kwa hiyo sisi tunawafunga watoto wetu bure, na kwamba angeruhusiwa angeng'oa tumbaku kesho akalima bangi. Walimu wenzangu wamegawanyika. Je, ni kweli dunia imekubali kwamba bangi si kosa? Na Tanzania ifanye nini? Naomba jibu la kina.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa mtihani huu. Nimefanya kazi ya uwakili hapa Tabora kwa zaidi ya miaka 20, na swali lako nimelisikia mara nyingi kwenye benchi la nje ya mahakama, likiulizwa na akina mama wenye kikapu cha chakula cha mahabusu miguuni. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu neno "kuhalalisha" limebeba ndani yake maswali matatu, ambayo baba yako na walimu wenzako wanayajibu kwa pamoja kana kwamba ni moja. Kuna swali la mtu anayevuta, kama afungwe au asifungwe. Kuna swali la biashara, kama bangi iuzwe hadharani. Na kuna swali la mkulima, kama aruhusiwe kuilima kwa ajili ya dawa na viwanda. Mtu anaweza kusema ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine bila kujipinga. Mimi naamini kwa dhati kwamba tuache kuwafunga watumiaji, na papo hapo sitaki kuona duka la bangi likifunguliwa mkabala na shule yako.

Nianze na kifungo, kwa kuwa ndicho kilicho mlangoni kwenu. Sheria inayotumika ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo iliongezwa makali mwaka 2017. Ndani yake kuna neno ambalo kila mzazi angepaswa kulijua, nalo ni "kusafirisha". Kwa lugha ya nyumbani, kusafirisha ni kuutoa mzigo Urambo na kuupeleka Dar es Salaam. Kwa lugha ya sheria hii, kusafirisha ni pamoja na kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi na hata kuwa nayo tu, kwa hiyo kijana ambaye hajawahi kutoka nje ya uwanja wa mama yake anaweza kusomewa shitaka la kusafirisha dawa za kulevya, kosa ambalo watu wamefungwa miaka 30 kwa ajili yake. Kipo pia kifungu kinachomhusu mtu aliyekutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe, ambacho adhabu yake ni nyepesi zaidi, na kama maelezo yako ni sahihi, humo ndimo kesi ya mdogo wako inapopaswa kukaa. Tatizo ni kwamba uchaguzi kati ya vifungu hivyo viwili hufanyika wakati hati ya mashtaka inaandikwa, kabla ya hakimu yeyote hajamtia kijana machoni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika mahakama moja ya mkoa wetu nikisubiri shauri la ardhi la mteja wangu, ikaitwa kesi ya kijana mchunga ng'ombe. Alikuja kizimbani pekupeku. Shitaka lilisomwa kwa kasi ile ya mtu aliyekwisha kusoma mashitaka mengi tangu asubuhi, na kijana alipoulizwa kama ni kweli, alimwangalia kwanza askari aliyesimama pembeni, kisha akajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Bahasha ya kaki ikafunguliwa juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na majani makavu pamoja na mbegu zake, yamefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye miraba, na kwenye karatasi hiyo bado ilisomeka hesabu ya kugawanya ambayo mtoto fulani alikuwa ameikosea. Nilisimama nikaomba niruhusiwe kuzungumza naye kwa dakika chache, na hakimu, kwa uungwana wake, akakubali. Kumbe kijana alidhani anaulizwa kama ni kweli kwamba alikamatwa. Siku hiyo jibu lake lilirekebishwa na baadaye shitaka likapunguzwa, lakini nimejiuliza mara nyingi ni wangapi walisema "ni kweli" katika siku ambazo hakukuwa na wakili aliyekuja kwa ajili ya shamba la mtu mwingine.

Hiyo ndiyo sura ya vita dhidi ya dawa za kulevya inapofika kijijini. Wanaoivamia bahari kwa majahazi ya heroini ni watu wengine kabisa, na mimi sina neno na serikali inapowaandama hao. Lakini kijana wa kijiweni ndiye aliye rahisi kumkamata, na mahali popote ambapo kazi ya polisi hupimwa kwa idadi ya waliokamatwa, yeye ndiye atakayejaza idadi.

Baba yako ataje Marekani, lakini ataje na safari yake. Harry Anslinger aliiongoza idara ya dawa za kulevya ya nchi hiyo tangu mwaka 1930 hadi 1962, na chini yake ikapitishwa sheria ya kodi ya bangi ya mwaka 1937 iliyoipiga marufuku kwa mlango wa nyuma. Mwezi Juni mwaka 1971 Rais Richard Nixon aliyatangaza matumizi mabaya ya dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa. Mwaka uliofuata, tume iliyoongozwa na Raymond Shafer, ambayo Nixon mwenyewe alikuwa amemteua mwenyekiti wake, ilipendekeza kwamba mtu anayekutwa na bangi kidogo kwa matumizi yake asitendewe kama mhalifu. Nixon aliikataa ripoti hiyo. Miaka 40 baadaye shirika la kutetea haki za raia la ACLU lilihesabu kwamba kati ya mwaka 2001 na 2010 watu walikamatwa kwa bangi zaidi ya mara milioni 8 nchini humo, na kwamba asilimia 88 ya ukamataji huo ulikuwa wa kukutwa nayo tu. Mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa karibu mara 4 ya mweupe, ingawa matumizi yao yalikuwa karibu sawa. Hayo ndiyo yaliyowachosha wapiga kura wa Colorado na Washington hata wakahalalisha mwaka 2012, na majimbo mengi yakawafuata, huku sheria ya shirikisho ikiendelea kuikataza. Nchini Ufilipino njia ile ile ilifika mbali zaidi: vita iliyoanzishwa na Rais Rodrigo Duterte mwaka 2016 iliua watu zaidi ya 6,000 kwa hesabu za serikali yenyewe, na mwezi Machi mwaka 2025 akapelekwa The Hague kujibu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Hapa nisahihishe jambo moja ambalo nimelisikia hata kwa wanasheria wenzangu, kwamba marufuku ya bangi tuliletewa na Wamarekani. Si kweli kwa ukamilifu. Afrika Kusini ndiyo iliyoandikia Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, mwaka 1923 ikitaka bangi iingizwe katika orodha ya dawa hatari, na katika mkutano wa Geneva uliomalizika mwaka 1925 aliyesimama na kuishikilia hoja hiyo kwa nguvu alikuwa mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ulijenga juu ya msingi huo. Na bangi yenyewe ilikuwa huku kwetu kabla ya mikataba yote. Jina lake tumelipata kwa njia ya Bahari ya Hindi, na katika karne ya 19, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Kasai nchini Kongo, kulikuwa na watu waliojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi, walioifanya kuwa alama ya udugu na ya kuweka silaha chini. Mjerumani Hermann Wissmann, aliyeandika habari zao, alipita hapa Tabora mwaka 1882 akielekea pwani. Naitaja historia hii ili walimu wenzako wasiseme kwamba bangi ni mgeni wa juzi, wala wengine wasiseme kwamba kuikataza ni ugeni mtupu.

Sasa, je, dunia imekubali? Imegawanyika, na namna ilivyogawanyika ina mafunzo. Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza kuhalalisha soko zima, kwa sheria ya mwaka 2013, lakini huko mnunuzi husajiliwa, hupimiwa gramu zisizozidi 40 kwa mwezi, na matangazo ni marufuku. Kanada ilifuata Oktoba 2018 ikiacha kampuni kubwa zishindane. Ujerumani iliruhusu watu wazima kuwa nayo na kuilima kidogo kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, bila maduka ya kawaida. Thailand iliifungulia mwaka 2022, kisha mwaka 2025 ikaanza kuibana tena. Ureno, tangu Julai 2001, haikuhalalisha chochote: dawa zote zilibaki haramu na muuzaji bado anafungwa, isipokuwa mtu aliyekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi mahakama ya jinai, hupelekwa mbele ya tume ndogo ambayo humwuliza anaishije, anatumia nini, na kama anahitaji matibabu. Hata Umoja wa Mataifa, mwezi Desemba mwaka 2020, uliitoa bangi katika jedwali la nne, lililo kali kuliko yote, la mkataba wa 1961 kwa kura 27 dhidi ya 25, kwa sababu ya manufaa yake ya kitabibu, lakini ukaiacha katika jedwali la kwanza, yaani bado inadhibitiwa.

Nchi ya Afrika inayonivutia zaidi ni Afrika Kusini. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema kwamba mtu mzima anayeilima na kuivuta kwa faragha yake haingiliwi, kwa sababu faragha ni haki ya kikatiba. Kuuza kulibaki kosa. Ilichukua mpaka mwaka 2024 sheria ya kutekeleza hukumu hiyo kutiwa saini. Nampendekezea mtu yeyote anayedhani kwamba mahali pa kuchagua ni pawili tu, jela au duka, aitazame Ureno na Afrika Kusini kwa utulivu. Kati ya jela na duka kuna uwanja mpana, na mimi nimesimama humo.

Kwa nini basi siungi mkono duka? Kwa sababu ya umri wa mdogo wako. Kemikali inayolevya ndani ya bangi, inayoitwa THC, hufanya kazi katika ubongo ambao kwa kijana bado unajengwa mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Watumiaji wengi hawapatwi na wendawazimu, na wanaowaambia wanafunzi kwamba msokoto mmoja unaleta kichaa huharibu imani ya wanafunzi hao pindi wanapoona rafiki yao amevuta na yuko salama. Lakini anayeanza mapema, akavuta kila siku, na zaidi akiwa na historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, hujiongezea hatari ya kusikia sauti na kupoteza uhalisia, na baadhi yao ndio tunaowaona wakisafirishwa hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma, baada ya familia kumaliza mbuzi kwa waganga. Inakadiriwa kwamba takriban mtumiaji mmoja kati ya 10 hufikia hali ya kushindwa kuacha, na kwa walioanza wakiwa vijana uwiano huo ni mkubwa zaidi. Mwenye uraibu wa heroini ana methadone, dawa mbadala ya kumsaidia kuacha, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Mwenye uraibu wa bangi hana dawa ya namna hiyo; anachohitaji ni mshauri nasaha na muda, na mshauri nasaha katika vituo vyetu vya afya ni adimu. Biashara yoyote ya kilevi huishi kwa mteja anayetumia sana, si kwa yule anayeonja mara moja kwa mwezi, na sioni tukimkabidhi mfanyabiashara kazi ya kuwatafuta wateja wa namna hiyo kabla hatujawa na mtu wa kuwahudumia.

Nije kwa baba yako na shamba lake, kwa maana hoja yake inastahili heshima. Hayuko peke yake. Hata bungeni Dodoma wapo waliowahi kusimama wakaomba bangi ilimwe kwa ajili ya kuuza nje. Namwomba, akiwa ni mkulima wa tumbaku ya mvuke, ajiulize kile anachokijua kuliko mimi. Tumbaku ni zao halali kabisa, lenye bodi yake, vyama vyake vya msingi na makisio yake ya kila msimu. Yeye ameamka usiku kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, amekata miti ya miombo mpaka sasa kuni zinatoka mbali, amebeba mitumba ya tumbaku hadi sokoni, na hapo mteuzi hugusa jani, hulinusa, hulipa daraja, na kwa daraja lile bei ya kilo inatajwa. Kisha yanakatwa madeni ya mbolea na pembejeo, na kinachobaki ndicho kinacholipa ada za watoto, mmoja wao akiwa wewe. Uhalali wa zao haukumfanya mkulima kuwa mwenye bei.

Bangi ya dawa ina masharti magumu kuliko hayo. Mnunuzi wa kiwanda cha dawa hutaka mimea yenye kiwango kile kile cha kemikali kila mavuno, ghala linalolindwa, uzio, maabara na hati za kila kilo, na nchi inayouza nje lazima itoe taarifa za kiasi kwa bodi ya kimataifa ya udhibiti wa dawa za kulevya. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, na wakulima wa milimani waliokuwa wakilima bangi tangu enzi za babu zao waliambulia kutazama kampuni za kigeni zikiingia, kwa sababu ada ya leseni ilikuwa mbali na uwezo wao. Zimbabwe iliruhusu mwaka 2018, na ada ya leseni ya mkulima ikatangazwa kuwa dola 50,000 za Marekani. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020 kwa matumaini ya kupunguza kuitegemea tumbaku, hoja ile ile ya baba yako. Wakati huohuo, nchini Kanada bei za jumla zilishuka na kampuni kubwa zikapata hasara ya mabilioni. Sisemi kwamba zao hili halitakuja kulimwa hapa kihalali. Nasema kwamba likija kwa njia iliyokuja kwingineko, mwenye ekari 3 Urambo atakuwa kibarua wa mwenye uzio, na wala asing'oe kitu leo, kwa maana kuilima hivi sasa ni kosa ambalo mahakama zetu hulitolea vifungo virefu sana.

Kwa hiyo, ukiniuliza Tanzania ifanye nini, ningeanza na Bunge kulirekebisha lile neno "kusafirisha", ili kuwa na kiasi cha matumizi binafsi kusiweze kamwe kuandikwa kama usafirishaji. Kisha mtumiaji apelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya na ofisi ya ustawi wa jamii badala ya gerezani, na nafasi inayopatikana magerezani wakae wafanyabiashara wakubwa. Mirungi inatufundisha kitu hapa: ni halali Kenya na ni haramu kwetu, nayo ni majani yale yale pande zote mbili za mpaka. Sheria ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kurekebishwa kwa utaratibu.

Lakini sheria haijarekebishwa, na mdogo wako anahukumiwa kwa iliyopo. Asikubali wala kukana shitaka lolote kabla hajaelezwa kwa Kiswahili chepesi ni kosa gani na chini ya kifungu gani, kwa sababu mtu aliyekiri mwenyewe akatiwa hatiani ana njia finyu sana ya kukata rufaa. Ana haki ya kuuliza majani yaliyokamatwa yalipimwa uzito na nani, yalifungwa lakiri mbele ya nani, yalipitia mikono ya nani hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ripoti inasemaje. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu nyingi pale mnyororo huo ulipokatika. Ulizeni suala la dhamana siku ile ile kesi inapotajwa, kwa kuwa linategemea kosa lililoandikwa. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu apatiwe bila malipo, na ombi mnaweza kulitoa mahakamani hapohapo.

Na akitoka, mwanangu, msimpokee kwa fimbo. Muulizeni alianza lini, na anavuta ili asahau nini. Kabla ya yote hayo mwombe karani nakala ya hati ya mashtaka, uipige picha kwa simu, unitumie, nami nitaisoma kabla ya tarehe ya kutajwa.